KUWAANDAA VIJANA WASOMI KUWA WAHAMASISHAJI WA MAZINGIRA: TULICHOJIFUNZA MTONI

(Ifuatayo ni hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wawakilishi wa wafadhili. Imefupishwa kidogo. – Mhariri)





Nimepewa dakika arobaini na mada isemayo “Kuwaandaa vijana wasomi kuwa wahamasishaji wa mazingira”. Mwenyekiti ameniomba nitoe taarifa ya mafanikio. Nitaitoa. Lakini naomba ruhusa nianze na pale tulipokosea, kwa sababu mafanikio machache tuliyo nayo yalianzia hapo, na kwa sababu baadhi ya makosa hayo ni yangu mimi mwenyewe.

Kibao kilichobaki peke yake

Wengi wenu mnaukumbuka mradi wetu wa kwanza wa miti. Kila robo mwaka niliandika kwenye taarifa idadi ya miche iliyogawiwa. Idadi ilikuwa ya kweli. Miche iligawiwa, watu walipanga foleni, picha zilipigwa. Siku moja wakati wa kiangazi nilipita kwenye eneo mojawapo bila kutoa taarifa. Nilikuta kibao cha mradi kimesimama vizuri, kimepakwa rangi, kimeandikwa jina la dayosisi na la wafadhili. Nyuma ya kibao palikuwa na mbuzi watatu, na hapakuwa na mti hata mmoja.

Alikuwepo mzee mmoja akichunga. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza, “Mzee wangu, miti ya hapa ilikwenda wapi?” Akakitazama kile kibao, akanijibu kwa upole, “Miti ile ilikuwa ya kwenu. Mlipoondoka, nayo iliondoka.”

Ndugu zangu, nimesoma chuo kikuu na nimehudhuria semina nyingi za ushirikishwaji wa jamii, lakini sijapata somo fupi kama lile. Hakuna aliyekuwa amewauliza watu wa pale kama walitaka miti, miti ya aina gani, ipandwe wapi, na nani angeimwagilia mwezi wa nane. Tuliwaletea jibu kabla ya kulisikia swali.

Nilipotafakari nilimkumbuka marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Sisi hapa tunamkumbuka kama mama wa miti, na ni kweli. Lakini tazameni alivyofanya. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, akina mama walipewa malipo kidogo kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi. Mche uliogawiwa tu haukuhesabiwa. Baadaye vikundi vile vilikaa katika mafunzo ya uraia, wakaorodhesha shida zao, kisha wakaulizwa shida hizo zinatoka wapi. Akina mama waliozoea kuulizwa swali hilo ndio walioweza kusimama naye baadaye. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park mjini Nairobi, na jengo lile halikujengwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alitetea msitu wa Karura, na msitu upo hadi leo. Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa mwaka 2004 ilitambua kwamba mti, haki ya raia na amani ni mambo yanayokwenda pamoja.

Mama yule alikuwa msomi mwenye shahada ya uzamivu tangu mwaka 1971. Elimu yake haikumzuia kukaa chini na wakulima. Hapo ndipo tulipopata wazo la mpango huu wa vijana.

Kwa nini vijana wasomi?

Kila mchungaji hapa anamfahamu kijana wa bahasha ya kaki. Amemaliza chuo, pengine usharika ulimchangia karo, amerudi nyumbani, na kila wiki anakuja ofisini kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya kutafuta kazi. Ndani ya bahasha mna vyeti vya mazingira, maendeleo ya jamii, kilimo, sheria, ualimu. Kijiji kinamwona kuwa amefika mbali, lakini mwenyewe anajiona amekwama.

Kijana huyu ana kitu ambacho kijiji kinakihitaji sana. Anaweza kuisoma sheria na kuieleza. Wangapi kati yetu tunajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya? Wangapi tunajua kwamba sheria hiyo hiyo inakataza shughuli zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya kingo za mto ndani ya mita 60? Wangapi tunakumbuka kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mwenye shamba na asiye na shamba, na kwamba viongozi wa kijiji wanawajibika kwake? Sheria hizi zipo. Zimekaa kabatini kama nguo ya harusi.

Lakini msomi huyu naye ana upungufu wake, na tusimfiche. Chuo kimemfundisha kuongea mbele ya watu, hakikumfundisha kusikiliza. Katika kundi letu la kwanza alikuwepo kijana aliyeandika utafiti wake juu ya barafu ya Kilimanjaro. Anaijua vizuri. Aliwaeleza wanakijiji kwamba kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007 mlima ulipoteza karibu asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, mama mmoja akanyoosha mkono akauliza, “Mwanangu, tumekuelewa. Sasa lile banio la mfereji wetu lililobomoka, nalo lipo kwenye masomo yako?” Kijana hakuwa na jibu. Jioni ile aliniambia, “Mratibu, nimetoa mhadhara.” Nikamwambia, “Vizuri umejua mwenyewe. Kesho nenda ukalione banio.”

Mafunzo yenyewe yakoje

Tumewaita wahamasishaji kwa kukosa neno jingine. Neno hili lina tatizo, kwa sababu kwetu mhamasishaji ni yule anayepita na kipaza sauti juu ya gari. Neno kampeni nalo tunalisikia kila baada ya miaka mitano, likiwa limevaa fulana na kofia. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mafunzo tunawaambia vijana hivi: mhamasishaji wetu ni mtu anayewakutanisha watu wenye shida moja, akawasaidia kuona nani mwenye uwezo wa kuiondoa, na akakaa nao mpaka waende kwa huyo mtu wenyewe. Kampeni ni ile safari ya kwenda kwake, ikiwa na mwanzo, hatua na mwisho unaopimika.

Jambo hili si geni duniani, wala si geni makanisani. Mwaka 1939 mjini Chicago, Marekani, katika mitaa ya wafanyakazi wa machinjio, Saul Alinsky na mwenzake Joseph Meegan waliziunganisha parokia za Kikatoliki na vyama vya wafanyakazi, watu waliokuwa hawaongei kwa sababu ya tofauti za lugha na taifa. Walianza kwa kuuliza kila kundi linataka nini. Karibu na kwetu, huko Lamu, wakazi na mashirika waliungana kupinga mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mwezi Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta kibali cha mradi huo, na sababu kubwa mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushindi ule ulitokana na watu waliojua haki yao, walioandika barua, waliotunza kumbukumbu na waliohudhuria vikao hata pale walipochoka.

Hivyo basi, mafunzo yetu ni ya miezi kumi na minane, na mengi hufanyika nje ya darasa. Kwa ufupi yako hivi:

(a) Miezi miwili ya kwanza kijana haruhusiwi kuhutubia. Anatembelea kaya kwa kaya, anauliza, anaandika kwenye daftari. Anakula anachokaribishwa.

(b) Miezi inayofuata anajifunza kuchora ramani ya kijiji pamoja na wenyeji: maji yako wapi, nani anayatumia, nani anaamua, nani anafaidika, nani anaumia.

(c) Anajifunza sheria na taratibu za vikao, kuandika barua ya malalamiko, kutunza risiti, na kuongea na mwandishi wa habari bila kutia chumvi.

(d) Anajifunza kujilinda yeye na watu wake: kutokwenda peke yake penye ugomvi, kutoa taarifa kwa viongozi mapema, na kutokubali hela ya mtu yeyote.

(e) Kanuni kuu kuliko zote ni hii: usimfanyie mtu kitu anachoweza kukifanya mwenyewe, na usiseme kwa niaba ya mtu aliyepo.

Mchanga wa kanisa

Sasa nieleze habari iliyotupima sisi wenyewe. Binti aliyehusika ameniomba nisitaje jina lake wala la usharika, nami nitatii.

Tulimpanga katika usharika wa tambarare, kando ya mto. Alitembelea kaya 140 katika miezi miwili. Alidhani atasikia habari za kuni au taka. Alichosikia karibu kila nyumba kilikuwa ni mchanga. Malori yalikuwa yanaingia mtoni usiku na mchana. Kitanda cha mto kilikuwa kimeshuka, banio la mfereji likabaki juu kama daraja lisilo na maji, visima vya karibu vikapungua maji, na kingo zikaanza kumong'onyoka pamoja na mahindi. Ndugu zangu, duniani kote hutumika mchanga na kokoto kiasi cha tani bilioni 50 kwa mwaka, kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022. Tunauona mchanga kama kitu kisicho na mwenyewe. Lakini mchanga wa mtoni ndio unaozuia maji yasikimbie, ndio unaoyahifadhi na kuyapeleka polepole kisimani.

Binti aliendelea kuuliza kama tulivyomfundisha: nani anachimba, nani anapakia, nani anatoza ushuru, nani ananunua. Akapata orodha. Wapakiaji walikuwa vijana wa pale pale kijijini, baadhi yao walibarikiwa kipaimara nasi. Ushuru ulilipwa, na risiti hazikuonekana. Na miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa msimu ule alikuwepo mmoja ambaye hakutegemea kumwona. Ulikuwa ni usharika wenyewe, uliokuwa unajenga kanisa jipya.

Alilileta jambo hilo kwenye kamati ya ujenzi kwa adabu, kama swali. Wiki ile ile mwenyekiti wa kamati alinipigia simu. Ni mzee ninayemheshimu, amejitolea sana kwa kanisa. Alisema, “Mratibu, ulituletea mtoto wa kupanda miti. Huyu anataka kutusimamishia nyumba ya Mungu.” Nami, nakiri mbele yenu, sikuuliza swali hata moja. Nilifikiri habari za uhusiano mwema. Nilifikiri habari za wafadhili, maana jiwe la msingi lilikuwa liwekwe baada ya miezi minne na wageni walikuwa wamekwisha alikwa. Niliandika barua ya kumhamisha, nikaigonga muhuri, nikaituma.

Siku ya tatu alifika ofisini. Aliamkia, akakaa, akaweka barua yangu mezani na juu yake akaweka daftari lake. Akasema, “Baba, nitahama kama ulivyoagiza. Naomba tu unionyeshe usharika ambao haujengi.”

Nilinyamaza. Nililifungua daftari. Kaya 140, kila moja na jina la mwenye nyumba, alichosema, na tarehe. Nilisoma kwa saa nzima na yeye amekaa pale. Nilichokuwa nimekiona kama fujo ya mtoto kilikuwa ni sauti za washarika wangu, na mimi nilikuwa nimezigonga muhuri wa kuhama.

Kesho yake tulishuka wote wawili mpaka mtoni. Mama mmoja mjane alitupeleka ukingoni mwa shamba lake, akanionyesha hewa. Akasema, “Hapa palikuwa na mistari saba ya mahindi.” Chini yetu kulikuwa na shimo na alama za matairi.

Niliirarua ile barua, nikamwomba mwenyekiti aitishe kikao. Binti alinikumbusha ile kanuni ya mwisho: asiseme kwa niaba ya mtu aliyepo. Kwa hiyo siku ya kikao hakuongea. Alikaa pembeni akiandika. Waliongea wenye mashamba. Yule mama mjane alisimama, akashika leso yake, akasema maneno ambayo wengi wetu hatutayasahau: “Wazee wangu, mchanga mnaojengea madhabahu umetoka shambani kwangu. Mimi sadaka yangu huwa naileta mwenyewe. Hiyo sikuitoa.”

Palikuwa kimya. Kisha akasimama kijana mmoja mpakiaji, na hapa ndipo tulipojifunza kwamba kampeni ya haki haina upande mmoja tu. Akasema, “Mama, nakuheshimu. Lakini koleo ndilo linalonilisha. Mkifunga mto, mimi mnanifunga wapi?” Swali lake lilikuwa halali. Binti aliliandika, na likawa sehemu ya ajenda tangu siku ile.

Nehemia alianzaje?

Katika mafunzo yetu tunakisoma kitabu cha Nehemia, na tangu siku ile nakisoma kwa namna nyingine. Nehemia alipofika Yerusalemu hakuhutubia. Alitoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta, akatazama palipobomoka, kabla ya kuwaambia wakubwa neno lolote. Huko ndiko kutembelea kaya. Katika sura ya tatu, watu wengi walipewa sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Mtu hutengeneza kwa bidii mahali ambapo adui angepitia kuingia kwake.

Lakini sura ya tano ndiyo inayonihukumu mimi. Kazi ikiwa inaendelea vizuri, maskini walilia kwamba mashamba yao yamechukuliwa na ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwaambia wanyamaze ili ujenzi usisimame. Aliitisha mkutano mkubwa. Na alipowakemea wakubwa, alijitaja yeye na ndugu zake kwamba nao walikuwa miongoni mwa waliokopesha. Kiongozi wa ujenzi alikubali kwamba naye yumo. Kama Nehemia aliweza, mratibu wa miradi ni nani?

Matokeo, bila kutia chumvi

Wafadhili wetu hupenda kuuliza, na wana haki kuuliza, matokeo yalikuwa nini. Nitayataja yote, mazuri na mabaya.

Kwanza, kamati ya ujenzi ilikubali kununua mchanga kwenye machimbo yenye leseni, mbali na mto. Gharama iliongezeka. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka mmoja baada ya tarehe ya awali. Wapo washarika ambao mpaka leo hawajafurahi, na wapo wageni waliolazimika kubadilisha safari. Tuliwaandikia ukweli wa sababu. Walituelewa.

Pili, kamati ya mazingira ya kijiji, ambayo ilikuwa haijakutana kwa muda mrefu, ilifufuka. Mkutano Mkuu wa Kijiji ulipendekeza sheria ndogo ya kulinda kingo za mto, ikapelekwa Halmashauri ya Wilaya. Ilichukua miezi mingi na safari nyingi kuidhinishwa. Wanakijiji walikwenda wenyewe kwa zamu, wakichangiana nauli. Banio lilitengenezwa na wakulima kwa nguvu zao na msaada mdogo kutoka kwetu.

Tatu, baadhi ya vijana wapakiaji wamepata kazi ya kufyatua matofali, wengine wako kwenye kitalu cha miche. Si wote. Wengine waliyafuata malori, na malori yalihamia kijiji cha jirani. Hilo lilitufundisha kwamba mto hauna mipaka ya usharika. Kwa sasa sharika tatu zinakutana pamoja juu ya mto huo, zikishirikiana na jumuiya ya watumia maji, na ndugu zetu Waislamu wa vijiji vile wamo ndani kwa sababu maji hayaulizi dini.

Nne, na hili mmeniuliza mara nyingi, binti yule ameondoka. Amepata kazi nzuri mkoa mwingine. Mjumbe mmoja aliniambia, “Tumesomesha, wengine wamevuna.” Nilimjibu kwamba nenda mtoni ukatazame. Daftari aliliacha kwa katibu wa kamati ya mazingira, na katibu huyo ni yule mama mjane. Alipokuja kwetu mara ya kwanza hakuwahi kuandika muhtasari wa kikao. Sasa anaandika, anasoma, na anamkatiza hata mratibu akizidisha dakika. Mhamasishaji mzuri anapimwa siku anapoondoka. Miche yetu ya kwanza iliondoka nasi. Kamati hii imebaki.

Maombi yangu kwa kamati za sharika

Kundi jipya la vijana litaanza karibuni. Nawaomba mambo matatu.

La kwanza, mpokeeni kijana kama mwanenu. Mpeni chumba, mtambulisheni kwa serikali ya kijiji na kwa wazee, mwonyeshe kisima. Posho yake ni ndogo, na mji anaotoka una vishawishi vingi vya kumrudisha.

La pili, msimtume kazi za ofisi. Kijana anayeandika matangazo ya ibada kutwa nzima hawezi kujua nani amekosa maji.

La tatu ni gumu zaidi. Mruhusuni awaulize na ninyi. Shule zetu zinapikia kuni kiasi gani, na kuni hizo zinatoka wapi? Serikali imekwisha kuelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Jiko la shule ya usharika limejipangaje? Viwanja vya kanisa vina miti? Taka za sikukuu zinakwenda wapi? Swali likija, msinipigie simu mimi ili nimhamishe. Mkinipigia, nitakuja, lakini nitakuja na daftari.

Maombi yangu kwa wafadhili

Ndugu zetu, mmetubeba kwa miaka mingi na tunawashukuru kwa dhati. Fomu za taarifa mnazotutumia zina safu ya idadi ya miche na safu ya idadi ya watu waliofika kwenye semina. Tunaomba muongeze safu nyingine mbili: miche iliyo hai baada ya miaka miwili, na uamuzi ambao wananchi wameufikia na kuusimamia wenyewe. Pengine tarakimu za safu hizo zitakuwa ndogo. Msiogope. Tarakimu kubwa nilizowaandikia zamani zilikuwa na mbuzi watatu nyuma yake.

Tunaomba pia mkubali kugharamia mtu. Najua ni rahisi kumwonyesha mchangiaji wa kule kwenu picha ya tangi la maji kuliko picha ya binti aliyeketi jikoni kwa mama mmoja akiandika. Lakini tangi bila watu waliojipanga huwa kibao kingine. Posho ya kijana kwa miezi kumi na minane, nauli, daftari na mwalimu wa kumsimamia ni gharama ndogo ukilinganisha na kurudia mradi mmoja mara tatu.

Na likitokea tena kama lile la mchanga, ambapo uaminifu utachelewesha sherehe, tunaomba mkubali kuchelewa pamoja nasi.

Hitimisho

Vijana mliokaa nyuma, nimalizie na ninyi. Hatuwaahidi ajira ya kudumu. Hatuwaahidi gari. Tunawaahidi watu watakaowafundisha kile ambacho vyeti vyenu havikukiandika. Fungueni zile bahasha za kaki, toeni vyeti, viwekeni mahali salama nyumbani kwa mama. Kisha katika bahasha ile tieni daftari jipya, mje Jumatatu saa mbili asubuhi.

Mje mkiwa na viatu vya kutembelea. Hotuba acheni nyumbani.